Baridi Isiyoisha: Huenda Ni Tezi ya Shingoni

Ndugu wasomaji, leo tunazungumza juu ya baridi. Hatusemi ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, inayowapata watu wote wa Makete, Njombe na Mufindi. Hiyo tunaijua. Tunawasha moto, tunavaa koti, na jua likichomoza tunasahau. Tunasema juu ya baridi nyingine, baridi ya mtu mmoja peke yake. Wenzake wamevua makoti, yeye bado kajifunika. Wenzake wanatoka jasho shambani, mikono yake yeye ni ya baridi kama mtungi wa maji.

Mtu wa namna hii husemwa sana. Huyu atasema, "Mvivu." Yule atasema, "Karogwa." Mwingine atamnunulia dawa ya malaria kila mwezi. Wako pia waliosikia kwamba joto la mwili likishuka, basi tezi ya shingoni imeharibika. Hao wanataka kununua dawa ya tezi bila kupimwa.

Sisi tunasema, tusikimbilie kuhukumu, wala tusikimbilie kumeza dawa. Tulitazame jambo lenyewe hatua kwa hatua.

MAMA ANAYESIKIA BARIDI

Tuchukue mfano. Yuko mama mmoja katika kijiji cha mlimani. Umri wake ni miaka 38, na ana watoto 4. Zamani alikuwa hodari wa kazi. Alfajiri yuko kisimani, saa moja yuko shambani. Sasa mambo yamebadilika. Akiamka amechoka, kana kwamba hakulala. Anasahau chungu jikoni mpaka mboga inaungua. Uso umevimba kidogo, sauti imekuwa nzito. Chakula anakula kidogo, lakini mwili unaongezeka. Na wakati wote anasikia baridi.

Mume wake ananung'unika. Wifi zake wanasema kashiba, hataki kazi tena. Mama mwenyewe anaona aibu, ananyamaza. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ugonjwa ukifichwa hautibiwi.

Siku moja jirani yake akamwambia, "Mwenzangu, twende zahanati. Mimi nitakusindikiza." Wakaenda.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Unasumbuliwa na nini?"

"Baridi, daktari. Nasikia baridi mpaka ndani ya mifupa. Mwaka huu nimemeza dawa ya malaria mara tatu, lakini wapi!"

"Ulipimwa damu kabla ya kumeza?"

"Sikupimwa. Nilinunua tu dukani."

Daktari akamwekea kipimajoto kwapani. Kilipolia, kikaonyesha nyuzi 36.1.

"Joto lako liko chini kidogo," akasema. "Lakini hilo peke yake haliniambii kitu. Hebu nieleze, choo unapata vizuri?"

"Mpaka zipite siku tatu, nne, ndiyo napata. Tena kigumu."

"Na siku zako za mwezi?"

"Damu inatoka nyingi, tena kwa siku nyingi. Nilikuwa naona haya kusema."

"Usione haya, mama. Hayo ndiyo tunayotaka kuyajua."

Daktari akashika kifundo cha mkono wake, akahesabu mapigo ya moyo. Yalikuwa 54 kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia huwa na mapigo 60 mpaka 100. Kisha akampa maji kidogo ameze, huku akimtazama shingo. Akaona uvimbe mdogo unapanda na kushuka. Akampima malaria, haikuonekana.

"Mama, wewe si mvivu," akamwambia. "Nashuku tezi yako ya shingoni. Lakini kushuku si kujua. Nakuandikia barua uende hospitali, wakakupime damu."

Tuyashike maneno hayo, ndugu wasomaji: kushuku si kujua.

TEZI HII NI KITU GANI?

Shika shingo yako kwa mbele, kisha meza mate. Utagusa kitu kigumu kinachopanda na kushuka. Hicho ni kikoromeo. Chini yake kidogo, mbele ya bomba la kupitisha hewa, ndipo ilipo tezi tunayoisema. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mabawa. Ni ndogo, uzito wake kwa mtu mzima ni kama gramu 20 hivi. Ikiwa nzima, kwa kawaida huwezi kuiona. Wataalamu wanaiita tezi ya thairoidi. Tusiichanganye na yale matezi yanayovimba chini ya taya mtu akiumwa koo. Hayo ni mengine.

Kazi ya tezi hii ni kutengeneza homoni. Homoni ni kama tarishi. Inasafiri ndani ya damu na kupeleka habari kila mahali: kwenye moyo, kwenye tumbo, kwenye ngozi, kwenye ubongo. Habari yenyewe ni hii: tumia chakula, fanya kazi, toa joto.

Fikirini jiko la mafiga matatu. Chakula tunachokula ni kuni. Mwili ni jiko. Tezi ya shingoni ndiye mtu anayechochea moto. Mchocheaji akifanya kazi vizuri, kuni zinawaka, chungu kinachemka. Mchocheaji akichoka, kuni zipo lakini moto unafifia. Kila kitu kinakwenda polepole. Moyo unapiga polepole, tumbo linasaga polepole, akili inafikiri polepole, na joto linapungua. Kuni zisizowaka nazo zinarundikana. Ndiyo sababu mtu huyu anaweza kunenepa hata kama hali sana.

Lakini mchocheaji huyu naye ana msimamizi. Chini ya ubongo kuna tezi nyingine, ndogo kama punje ya haragwe. Hiyo inaangalia kama homoni ya shingoni inatosha. Ikiona imepungua, inatoa homoni yake yenyewe na kupiga kelele: "Chochea! Chochea!" Kadiri moto unavyofifia, ndivyo kelele inavyozidi. Hospitali wanaweza kuipima kelele hiyo ndani ya damu. Tutarudi hapo.

JE, KIPIMAJOTO KINATOSHA?

Watu wengi wanajua kwamba joto la mwili ni nyuzi 37. Hesabu hiyo ilienezwa na daktari wa Ujerumani, Carl Wunderlich, katika kitabu chake cha mwaka 1868, baada ya kupima wagonjwa wengi sana. Lakini nyuzi 37 si mstari mmoja kwa watu wote. Joto la mtu mzima mwenye afya hupanda na kushuka. Alfajiri liko chini, jioni liko juu, na tofauti inaweza kufika nusu nyuzi au zaidi. Mwanamke joto lake hubadilika kufuata siku zake za mwezi. Mzee huwa na joto la chini kuliko kijana. Joto la kwapani huwa chini kuliko la mdomoni. Kwa hiyo mtu akipima kwapani alfajiri akaona 36.2, asishtuke. Huenda ni mzima kabisa.

Sasa hii habari ya kupima tezi kwa kipimajoto ilitoka wapi? Mwaka 1942 daktari mmoja wa Marekani, Broda Barnes, aliandika katika gazeti la madaktari. Alisema mtu apime joto la kwapani asubuhi, kabla hajatoka kitandani. Likiwa chini ya nyuzi 36.6 hivi, ashuku kwamba tezi imelegea. Wakati huo kipimo cha damu tunachotumia leo hakikuwapo. Madaktari walikuwa wanatafuta njia.

Njia hiyo ilipendwa na watu wengi kwa kuwa ni rahisi. Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza, watu wazima wengi wasio na ugonjwa wowote wana joto la chini ya hapo asubuhi. Ya pili, wako wagonjwa wa tezi ambao joto lao ni la kawaida. Kipimo kinachomwita mzima mgonjwa, na mgonjwa kikamwita mzima, kinaweza kutupoteza njia. Kwa hiyo kipimajoto kinaweza kutufanya tuulize maswali. Jibu hakina.

DALILI ZA TEZI ILIYOLEGEA

Basi tuangalie nini? Tuangalie dalili nyingi kwa pamoja, tena zilizodumu kwa wiki na miezi:

1. Kusikia baridi wakati wenzako hawaisikii.
2. Kuchoka kila siku, hata baada ya kulala.
3. Kuongezeka uzito bila kuongeza chakula.
4. Choo kigumu, tena kwa nadra.
5. Ngozi kavu, nywele kukatika na kupukutika.
6. Uso kuvimba na sauti kuwa nzito.
7. Moyo kupiga polepole.
8. Kusahau, kukosa raha, kutotaka kuzungumza na watu.
9. Kwa wanawake, damu nyingi ya mwezi, kuchelewa kushika mimba, au mimba kutoka.

Dalili hizi zinakuja polepole mno. Mwaka huu moja, mwaka kesho nyingine. Mtu anazizoea, na nyumba nzima inazizoea. Wanasema, "Ni uzee tu," au "Ndivyo alivyo." Ugonjwa huu unawapata wanawake zaidi kuliko wanaume, lakini wanaume nao wanaupata.

BARIDI YENYE SABABU NYINGINE

Tuseme kweli, si kila anayesikia baridi ana ugonjwa wa tezi. Upungufu wa damu unaleta baridi na uchovu, na unawapata sana akina mama. Njaa inaleta baridi, maana kuni hazipo. Malaria inaleta baridi ya kutetemeka, lakini ukimpima mgonjwa utakuta joto lake limepanda. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa akishukiwa na sukari, anatoka jasho la baridi na kutetemeka. Pombe nayo inadanganya. Mlevi anasikia joto kwenye ngozi, kumbe mwili wake unapoteza joto.

Ndiyo maana yule daktari wa zahanati hakuamua hapo hapo. Aliuliza, akagusa, akapima malaria, kisha akamtuma mama kwenye kipimo kikubwa zaidi.

DAMU NDIYO INASEMA

Hospitalini wanachukua damu kidogo ya mkononi. Wanapima vitu viwili. Cha kwanza ni ile kelele ya msimamizi tuliyoisema. Cha pili ni homoni yenyewe ya tezi ya shingoni. Kelele ikiwa kubwa na homoni ikiwa ndogo, basi mchocheaji amechoka kweli. Hapo daktari anajua, hashuku tena.

Kipimo hiki hakipatikani katika kila zahanati. Mara nyingi ni lazima kwenda hospitali kubwa. Safari ina gharama, tunajua. Lakini hesabuni pia gharama ya dawa za malaria zilizonunuliwa bure, na siku za kazi zilizopotea. Kabla ya kusafiri, ulizeni zahanati yenu ni hospitali gani inapima. Msifunge safari bila kujua.

DAWA IPO

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu una dawa. Mwaka 1891, katika mji wa Newcastle huko Uingereza, daktari George Murray alikuwa na mgonjwa, mama wa miaka 46. Mama huyo alikuwa amevimba, mzito, anasikia baridi siku zote. Daktari akatengeneza maji ya dawa kutoka kwenye tezi za kondoo, akamchoma sindano. Baada ya miezi michache mama alibadilika, akawa mtu mwingine. Aliendelea kutumia dawa ya namna hiyo, akaishi miaka 28 zaidi, mpaka alipofika miaka 74.

Leo hatuhitaji kondoo. Homoni ile ile inatengenezwa viwandani, inaitwa levothairoksini. Ni kidonge kidogo. Mgonjwa anakimeza mara moja kwa siku, asubuhi, kwa maji matupu, kabla ya kula. Anasubiri nusu saa mpaka saa nzima ndipo anywe chai. Akiwa anatumia pia vidonge vya kuongeza damu, avimeze saa 4 baadaye, la sivyo dawa ya tezi haitaingia mwilini vizuri. Baada ya wiki 6 mpaka 8 anapimwa damu tena, ili daktari aone kama kiasi kinatosha.

Wengi watatumia dawa hii maisha yao yote. Kumeza kila siku si ubovu wa dawa. Mchocheaji amechoka, basi tunaweka wa kumsaidia. Ukimwondoa msaidizi, moto unafifia tena. Mama akishika mimba, awahi kumweleza daktari, maana mara nyingi kipimo cha dawa kinahitaji kuongezwa.

Lakini sikilizeni vizuri. Dawa hii si ya kuongeza nguvu, wala si ya kupunguza unene. Mtu asiye na ugonjwa akiimeza, au mgonjwa akizidisha, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unapotea, na mifupa inaweza kudhoofika. Anaweza hata kufa kwa moyo. Ndiyo sababu tunasema damu ipimwe kwanza.

MILIMA YETU NA MADINI JOTO

Kwa nini tezi inachoka? Sababu ni nyingi. Wengine miili yao yenyewe inaishambulia tezi, kama askari anayempiga raia wake. Daktari wa Japani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa wa namna hiyo mwaka 1912. Wengine walikatwa tezi kwa upasuaji. Wengine ni kwa sababu ya dawa fulani wanazotumia. Lakini iko sababu moja ambayo sisi wa milimani tunaijua kwa macho yetu, nayo ni kukosa madini joto.

Madini joto ndiyo malighafi ya tezi. Yasipokuwapo, homoni haitengenezwi. Jina hilo la Kiswahili linafaa kweli, maana bila madini hayo moto wa mwili unafifia. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno. Ukikusanya mahitaji yake ya maisha yote, hayazidi kijiko kimoja cha chai. Lakini lazima ayapate kidogo kidogo, kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.

Madini haya yako mengi baharini. Milimani mvua imeyaosha kutoka kwenye udongo kwa miaka na miaka. Mahindi, viazi na maharage ya udongo huo yanatoka bila madini ya kutosha. Wenzetu wa pwani wanaokula samaki wa bahari wana nafuu. Sisi wa Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa na Ruvuma tuliumia zaidi.

Tezi ikikosa malighafi, inafanya kama mvuvi ambaye samaki wamemwadimikia. Anaongeza nyavu. Tezi nayo inajikuza ili ikamate hata kile kidogo kinachopita. Hapo ndipo panatoka rovu, yaani goita. Wazee wetu wanakumbuka vijiji ambavyo mtu mwenye rovu hakushangaza mtu. Lakini rovu halikuwa baya kuliko yote. Mama mjamzito akikosa madini joto sana, mtoto tumboni haukui ubongo wake vizuri. Anaweza kuzaliwa kiziwi, au mdumavu, au mzito wa akili maisha yote. Watoto hao walisingiziwa laana. Haikuwa laana. Ilikuwa upungufu wa chumvi nzuri.

Tanzania haikukaa kimya. Kuanzia mwaka 1986, watu wa wilaya zilizoathirika zaidi waligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Katika miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutaka chumvi ya kula iwekwe madini joto. Ndiyo hiyo tunayoiona dukani, imeandikwa kwenye pakiti: chumvi yenye madini joto. Ndugu msomaji, kusoma umejifunza. Basi soma pakiti kabla ya kulipa.

Mambo ya kufuata ni haya:

1. Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto.
2. Iweke kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moto na unyevu. Madini haya hupotea.
3. Usiioshe chumvi kabla ya kupikia.
4. Tia chumvi chakula kikikaribia kuiva.
5. Muhogo mchungu uloweke na kuukausha vizuri. Sumu yake ikibaki inazuia tezi kutumia madini joto.
6. Usizidishe chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani isifike kijiko kimoja cha chai. Ukizidisha, presha ya damu inapanda.
7. Usinywe dawa ya madini joto ya kupaka vidonda. Madini yakizidi nayo yanadhuru tezi.

Jambo jingine. Mwenye rovu si lazima asikie baridi. Wengine tezi inafanya kazi kupita kiasi. Hao wanasikia joto, wanakonda, moyo unakwenda mbio. Dawa yao ni tofauti kabisa. Kwa hiyo mwenye rovu asitumie kidonge cha jirani. Na asikubali kuchanjwa wala kuchomwa shingo. Mahali hapo pana mishipa mikubwa ya damu, mtu anaweza kufa.

WAKATI WA KUKIMBIA

Yako mambo mawili yasiyongoja kesho.

La kwanza ni mtoto mchanga. Akiwa wa baridi, analala mno, hanyonyi vizuri, sauti ya kilio ni nzito, macho yana umanjano usiokwisha, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Njiani mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Ikiwa ni tezi, akianza dawa katika wiki za kwanza anaweza kukua na akili yake timamu. Akichelewa, kilichopotea hakirudi.

La pili ni mtu mzima, hasa mzee, ambaye joto limeshuka chini ya nyuzi 35, anasinzia, anachanganyikiwa, anapumua polepole. Hiyo ni hatari kubwa, iwe sababu ni tezi au ugonjwa mwingine. Mvue nguo mbichi, mfunike blanketi kavu, mpeleke hospitali. Usimsogeze karibu na moto ukidhani unamsaidia. Usimnyweshe chai wala uji akiwa hajaamka vizuri, utampalia.

TUMALIZIE

Na yule mama wa mfano wetu je? Damu ilionyesha tezi imelegea. Akaanza vidonge. Wiki za kwanza hakuona tofauti, akataka kuacha. Jirani yake akamwambia, "Vumilia, mwenzangu. Baridi hiyo haikuja kwa siku moja." Miezi mitatu ikapita. Choo kikawa kizuri, uso ukapungua, akaanza kuamka bila kusukumwa. Siku moja akavua koti saa nne asubuhi, kama wenzake. Wifi zake wakaona, wakanyamaza.

Ndugu wasomaji, tumeona kwamba baridi isiyoisha ina sababu, na sababu hutafutwa. Kipimajoto kinauliza, damu inajibu. Tusimhukumu mtu kwa uchovu wake kabla hajapimwa. Na chumvi ya leo ndiyo akili ya mtoto wa kesho.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu walipokaa vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Nasi tufanye hivyo. Someni makala hii kwa sauti kwenye kikundi chenu, kisha mjadili:

1. Je, katika kitongoji chetu yuko mtu tunayemwita mvivu, ambaye labda ni mgonjwa?
2. Chumvi tunayonunua imeandikwa kuwa ina madini joto? Tunaitunzaje nyumbani?
3. Kwa nini mtu asinunue dawa ya tezi bila kupimwa damu?
4. Hospitali ipi iliyo karibu nasi inapima tezi, na tutamsaidiaje mwenzetu kufika?